Nafasi ya Mtu Mmoja

Nafasi iliingia idarani Jumatatu wakati wa chai, karani akiwa anapigana na kifuniko cha chupa ya chai ambacho tangu kinunuliwe hakijapata kufunguka kwa amani. Ilipita mlangoni nyuma ya mtu wa posta, ikaenda kusimama kati ya kabati la mafaili na mtungi wa maji, ikatulia hapo. Ilikuwa nafasi ya mtu mmoja aliyekaa, upana wa mabega na kimo cha kiti na kichwa, na hewa yake ilikuwa na ubaridi kidogo, ubaridi wa ukumbi wenye kiyoyozi. Mtu wa posta alitoa kalamu, karani akatia sahihi, akarudi kwenye kifuniko chake.

"Ya wapi hiyo?" aliuliza Mwalimu wa Ndege, huku akichovya mkate.

"Ya lile kongamano kubwa. La watafiti wa ikolojia na tabia za wanyama. Nauli, malazi na kuwasilisha mada. Lakini wanataka chipukizi."

"Aa," akasema Mwalimu wa Ndege, akachovya tena. Mambo ya chipukizi yalikwisha kumpita siku nyingi.

Mtafiti chipukizi alijulikana kwa jani. Likimwota mtu nyuma ya sikio siku anayoanza utafiti, hukaa hapo bichi mpaka atimize miaka thelathini na mitano, kisha hudondoka lenyewe, mara nyingi wakati wa kuoga. Katika idara nzima lilikuwa limebaki jani moja tu, nalo lilikuwa nyuma ya sikio la Dada Nguchiro. Lilikwisha kuanza kuwa la manjano pembeni, maana siku yake ya kuzaliwa ilikuwa mwezi uliofuata.

Dada Nguchiro alipewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka tisa alikuwa akilifuata kundi la nguchiro waliokaa kwenye vichaka nyuma ya matangi ya maji ya chuo, akiandika nani kala nini, nani kamkwaruza nani, nani kalala wapi. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yake anakagua tabia za wanyama. Majirani walimwomba amuulize binti, akishamaliza wanyama, kama anaweza kuwapitia vijana wao.

Na alikuwa amegundua jambo. Kundi lile likifika kwenye kichuguu, wazee ndio waliotangulia kuchimba, kwa kuwa wao ndio waliojua mchwa wako upande gani. Lakini mzee akishaonja, kabla hajashiba, aliondoka mwenyewe na kwenda kukaa pembeni, ili watoto wachimbe pale pale alipoanzia. Hakufukuzwa na mtu. Dada Nguchiro alikuwa na picha, video na majedwali ya jambo hilo, na kila alipolifikiria alihisi furaha ambayo hakuwa na wa kumgawia. Kwenye kongamano lile wangekuwepo watu wenye maabara zao, watu ambao wakilisikia jambo la namna hiyo humwita mtu pembeni wakamuuliza anafanya nini mwaka ujao. Mwaka ujao yeye hakuwa na la kufanya. Mkataba wake ulikuwa unaisha na jani lilikuwa linakauka, na bila jani matangazo yote ya kazi yaliyobaki yalikuwa ya maprofesa.

Kwa hiyo aliitazama ile nafasi kwa pembe ya jicho, akanywa chai yake.

"Usiikodolee macho," karani akamwambia. "Unajua inakokwenda."

Alijua, kwa sababu nafasi zote zilizotangulia zilikuwa ofisini kwa Mkuu wa Idara. Mkuu alikuwa na nafasi ya kutembelea maabara ya samaki, nafasi mbili za warsha ya popo, nafasi ya masomo ya muda mfupi, na nyingine ambayo mwenyewe hakumbuki ni ya nini ila hakuona sababu ya kuitupa. Kwa nje ofisi yake ilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, sawa na ofisi zote za ujia ule. Kwa ndani ilikuwa imetanuka mpaka mfagiaji akiingia asubuhi na ufagio wake alitoka akiulizia chakula cha mchana. Waliokwenda kuomba sahihi walishauriwa wabebe maji. Dada Nguchiro, aliyepakana naye ukuta, alikuwa na ofisi ambayo mlango haukufunguka wote kwa sababu ya meza, na meza haikusogea kwa sababu ya ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa unakuja ndani kila mwaka.

Mkuu akiwa hayupo, watu walimwita Mzee wa Ufunguzi, kwa kuwa alikuwa amefungua makongamano mengi kuliko mlinzi alivyofungua geti. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, alikumbuka majina ya watoto wa watu, na kwenye misiba alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Utafiti wake ulikuwa mmoja, wa ujanani, juu ya mjusi aliyekatika mkia. Mkia wenyewe ulikwisha kuota na mjusi alikwisha kufa kwa uzee, lakini Mkuu alikuwa bado anauwasilisha.

Wiki ile alikuwa safarini, anafungua mkutano wa watafiti wa tai. Angerudi Alhamisi, siku ya kikao cha idara, na kanuni ya nafasi ilikuwa nyepesi na haikuhitaji wakili: kumbukumbu zikishasomwa, atakayekutwa amekaa ndani ya nafasi ndiye jina lake linapelekwa.

Nafasi ni kiumbe mwoga. Mwalimu wa Ndege alijaribu kupita karibu nayo akielekea kwenye mtungi, ikamkwepa na kujibanza nyuma ya kabati. Dada Nguchiro hakuifuata. Alifanya alivyofanya mwaka wa kwanza na nguchiro. Alichukua kiti akakaa mbali nayo, ubavu ubavu, akaanza kumenya chungwa kana kwamba hana haja na mtu. Jumanne alisogeza kiti kidogo. Hakuisemesha na hakuitazama usoni, ingawa ni kweli kwamba haikuwa na uso. Jumatano jioni alipofunga ofisi na kuteremka ngazi, alihisi ubaridi kwenye bega la kushoto, akajua inamfuata.

Ilimfuata barabarani, ikawa kila alipopita watu wakisogea bila kujua kwa nini. Ilipanda naye ngazi za nyumbani. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anapindisha sketi ya mteja, sindano mdomoni.

"Mama, leo nina nafasi," akasema Dada Nguchiro.

"Afadhali," mama yake akasema, akamsogezea ungo wa mchele auchambue.

Ilibidi aeleze vizuri. Alieleza huku akichambua, maana kwa mama yule kueleza hakukuzuia mikono. Mama aliposikia habari ya kongamano, na jani, na kikao cha kesho, alitoa sindano mdomoni, akachukua tepu yake shingoni, akaipima ile nafasi mabegani, kifuani na kiunoni. Nafasi ilimwachia. Kisha akampima binti yake.

"Imekukaa," alisema. "Kiunoni tu imezidi kidogo, lakini ukila vizuri huko utaijaza. Ingia."

"Sasa hivi?"

"Kwani unamngoja nani?"

"Mama, si ya kuingia nyumbani. Mpaka kwenye kikao."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Haya basi, kesho uwahi. Ukae kabla ya watu, na ukikaa usiinuke. Hata wakisema nyumba inaungua, waambie nimesikia."

"Sitainuka, mama."

"Hata ukibanwa."

"Hata nikibanwa."

Mama aliikunja sketi ya mteja akaiweka kando. Alikaa kwenye cherehani mpaka kukawa kimya mtaani, akimshonea binti yake koti la safari. Kiunoni aliacha nguo ya akiba ya kuachia baadaye.

Alhamisi Dada Nguchiro alifika chumba cha mikutano wakati mfagiaji anamwagia maua maji. Nafasi iliingia nyuma yake, ikajiweka kwenye pengo la meza, mahali ambapo kiti kilivunjika mwaka juzi na hakikurudishwa. Akashusha pumzi, akakaa ndani yake. Haikuwa ngumu hata kidogo. Ilimpokea mgongoni na mapajani, na mara moja alisikia minong'ono ya ukumbi mkubwa, zulia chini ya viatu, mtu anajaribu kipaza sauti, mtu mwingine safu ya pili anafungua daftari ukurasa mpya. Walikuwa wanamngoja yeye. Alifurahi mpaka akahisi machozi, akayafuta kwa kiganja kabla watu hawajaingia.

Watu waliingia mmoja mmoja. Karani alimwona, akammiminia chai ya kwanza. Mwalimu wa Ndege alimwona akasema, "Imekupendeza." Viti vilijaa. Karani alifungua kitabu cha kumbukumbu akaanza kusoma za kikao kilichopita, taratibu, kwa sababu alikuwa ameacha miwani nyumbani. Alifika kwenye mengineyo. Zilikuwa zimebaki sentensi mbili.

Mlango ukafunguka, Mkuu akaingia. Alikuwa ametoka moja kwa moja safarini. Begi la kongamano la tai lilikuwa linaning'inia begani, kitambulisho bado shingoni, suruali imekunjamana magotini. Alionekana amechoka kweli, na zaidi ya hapo alionekana mzee, jambo ambalo akiwa kwenye jukwaa halikuonekana.

"Shikamoo, Mzee," wote wakasema.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

Alitazama huku na huku. Hakukuwa na kiti. Alisimama pale akiegemea fremu ya mlango, akatoa pumzi ndefu, mkono kiunoni. Hakumwambia mtu ainuke. Haki ya Mungu hakusema neno.

Dada Nguchiro alisimama. Alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba anasimama. Miguu iliyofundishwa tangu utotoni, kwa maneno na pale ilipobidi kwa makofi, kwamba mzee hasimami mtoto amekaa, haikumuuliza mwenye miguu. Na mdomo nao, kwa kuwa ulilelewa nyumba moja na miguu, ukasema:

"Karibu ukae, Mzee."

"Ahsante, binti yangu," Mkuu akasema, akakaa.

Chumba kizima kiliridhika. Mwalimu wa Ndege alitikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeona kitu adimu. "Huyu mtoto ana tabia," alisema. Nafasi ilijaribu kubana mabegani, ikashindwa, ikatanuka. Karani alitazama kitabu, akamtazama Dada Nguchiro aliyesimama mikono imelegea, akatamani kurasa ziongezeke. Hazikuongezeka. Alisoma sentensi mbili zilizobaki, akafunga.

"Mkuu amekutwa amekaa," alisema. "Ila kuna sharti. Wanataka chipukizi."

"Ndiyo," akasema Mkuu, ambaye sasa alikuwa anasikia kiyoyozi na kuanza kuchangamka. "Chipukizi wa nini?"

"Wa utafiti, Mzee."

"Utafiti upi utakaowasilishwa?"

"Wa nguchiro," karani akasema. "Ndio tuliowapelekea, wakaukubali."

"Basi," Mkuu akasema kwa upole, akifungua mikono. "Katika mambo ya nguchiro mimi nimeanza leo. Humu ndani nani chipukizi kuliko mimi? Dada yetu hapa ana miaka tisa. Huyo kwenye nguchiro ni mkongwe."

Watu walilipima jambo hilo, wakaona halina ufa.

"Naunga mkono hoja," akasema Mwalimu wa Ndege.

Jani lilimwota Mkuu hapo hapo, nyuma ya sikio la kulia, katikati ya mvi. Lilikuwa jani zuri, bichi, pana kuliko kawaida. Karani aliandika kwamba limeota, akaweka tarehe.

"Wala usihuzunike, mwanangu," Mkuu akamwambia Dada Nguchiro, na alikuwa anamaanisha. "Wewe bado kijana. Nafasi ziko nyingi. Utanitengenezea slaidi?"

Dada Nguchiro alisema atamtengenezea, kisha akaenda chooni akalia. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni, na aliyemkasirikia kuliko wote ni miguu yake. Aliitazama pale chini, imevaa viatu safi alivyopiga rangi kwa ajili ya siku hiyo, akaona kwamba hata sasa akiingia mzee humu itampisha.

Jioni mama yake alimpokea mlangoni, koti mkononi, likiwa limebaki vifungo tu. Alimtazama binti begani, upande wa kushoto na wa kulia.

"Iko wapi?"

"Mzee aliingia, hakukuwa na kiti."

Mama aliketi kwenye cherehani. Akakanyaga pedali mara moja bila nguo, sindano ikashona hewa.

"Ulifanya vizuri," alisema.

Akakanyaga tena, akasema, "Ulifanya vibaya."

Akalilaza koti mapajani. "Ni mimi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilikulea nikapitiliza."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Wenzio walikuwa wanapigana na watu wazima huko nje, mimi nakufundisha kupokea kwa mikono miwili." Alishona vifungo vya koti vyote, hata hivyo, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani, akalitundika nyuma ya mlango. Nguo ya akiba ya kiunoni hakuikata.

Dada Nguchiro alitengeneza slaidi. Alimfundisha Mkuu kundi lina nani na nani, kichuguu kipi ni kipi, na kwa nini mzee kuondoka kabla ya kushiba si jambo dogo. Mkuu alikuwa mwanafunzi msikivu, ila kila alipochoka alisema "mjusi" badala ya "nguchiro", ikabidi neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa kila ukurasa. Alipofika kwenye video ya nguchiro kikongwe mwenye sikio lililochanika, anayewaacha mchwa wakiwa bado wanamiminika na kwenda kukaa kivulini, Mkuu aliomba irudiwe.

"Hii inagusa," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. "Watu wanatakiwa waione hii."

Akasafiri. Wasilisho, kwa kila taarifa iliyofika idarani, lilikuwa la kusisimua. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi mzee mwenye mvi na jani bichi sikioni akieleza jinsi wakubwa wanavyowapisha wadogo, na mtu mmoja mwenye maabara alimwita pembeni akamuuliza anafanya nini mwaka ujao. Kumbe mwaka ujao Mkuu alikuwa na nafasi. Katika slaidi ya mwisho, ile ya shukrani, Dada Nguchiro alitajwa baada ya dereva.

Siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa imepita. Jani lilidondokea kwenye beseni akiosha uso, akaliokota, akaona halina matumizi, akalitupa dirishani.

Mkuu aliporudi alimwita ofisini. Dada Nguchiro alibeba maji, kwa sababu nafasi mpya nayo ilikwisha kuingizwa ndani na safari ilikuwa imeongezeka. Alipita maabara ya samaki ambayo haikuwa na samaki, akapita warsha zote mbili za popo, ambako viti vilikuwa vimepangwa na vumbi limekaa kwenye kila kiti kwa utaratibu. Ilipokaribia adhuhuri akaiona meza kwa mbali, na Mkuu nyuma yake, amejiinamia anamwagilia jani lake kwa kijiko.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa." Alimpa begi la kongamano na kalamu mbili, akamuulizia mama yake kwa jina. Kisha akawa kama mtu aliyekumbuka deni. "Kuna swali moja waliniuliza, likanitoa jasho. Dada mmoja safu ya pili. Anasema, sawa, wazee wanaondoka. Je, mzee asipoondoka? Akichimba tu, akishiba anaendelea kuchimba. Watoto wanafanya nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia utafiti unaendelea." Alicheka kidogo. "Sasa nakuuliza wewe. Wanafanya nini?"

Dada Nguchiro alifikiri. Lilikuwa swali zuri, na kwa dakika moja alisahau alipo, akawapitisha kichwani nguchiro wote aliowahi kuwajua, vikongwe waliokufa na waliopo, kichuguu kwa kichuguu.

"Sijui, Mzee," alisema. "Kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona nguchiro wa namna hiyo."

Mkuu alitikisa kichwa kwa uzito wa kisayansi, jani likatikisika naye.

"Basi itabidi tumtafute," alisema. "Tuandike andiko la mradi. Mimi nitaongoza, wewe utakuwa unashinda huko porini. Unadhani anapatikana mbali?"

"Sidhani kama ni mbali, Mzee."

"Vizuri sana," akasema Mkuu, akaanza kuandika, na alifurahi kweli, kwa sababu gari la idara halikuwa na mafuta.